Skrubu Yenye Springi

Mashine ilikuwa inatembea peke yake.

Hakuna mtu aliyeishika. Ilikuwa inajikokota katikati ya shamba pale Abuku, visu vinazunguka na kurusha udongo, mikono yake ya chuma inayumba kama mlevi anayetoka kilabuni. Ikaingia kwenye mihogo ya jirani, ikaangusha mashina kadhaa, ikanasa, ikalala ubavu. Hata pale ilipolala, visu viliendelea kuzunguka hewani.

Nyuma yake, mwishoni mwa matuta, Rosa Kiden alikuwa amekaa chini, ameushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Aliutazama tu kama mguu wa mtu mwingine.

Ndivyo walioona walivyosimulia.

Na kufikia jioni, kijiji kizima kilikuwa na jina moja mdomoni.

Yakani.

Yakani alikuwa shemeji yake Rosa, mdogo wa mumewe Lokule. Baba yao alikuwa askari. Mwaka 1979 serikali ilipopinduliwa, familia nzima ilivuka mpaka kukimbilia Sudan, upande wa Yei, na baba akazikwa hukohuko. Kisha vita vya kule navyo vikawafikia, wakarudi kijijini kwao Abuku, karibu na mji wa Koboko. Hiyo ilikuwa 1987. Nyumba zilikuwa magofu, nyasi zimefika mabegani, na kila mtu anajaribu kukumbuka mpaka wa shamba la baba yake ulipita wapi.

Lokule alirudi na ile mashine. Ilikuwa ndogo, ya kulimia bustani, mtu anatembea nyuma yake ameshika mikono miwili. Injini ya petroli, ya kuvuta kamba. Aliinunua kuukuu kwa watu wa mradi fulani wa kilimo waliokuwa wanafunga virago. Abuku nzima hakuna mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho, na Lokule alihakikisha hakuna asiyejua.

Yakani alirudi na ufundi. Kule Yei alifanya kazi gereji, akazijua injini ndogo kwa kuzisikiliza tu.

Mmoja ana mashine, mwingine ana mikono. Ungedhani wangepatana.

Hawakupatana.

Ugomvi ulikuwa shamba la mtoni. Udongo mweusi, haukauki hata kiangazi kikali. Baba aliacha shamba moja la maana na watoto wawili wa kiume. Lokule akasema yeye ni mkubwa, lote lake. Yakani akasema ligawanywe katikati. Kila walipokutana waliongea hilo hilo, na kila mara sauti ilipanda kidogo kuliko mara ya mwisho.

Siku moja wakakutana dukani, watu wamejaa.

"Wewe ulikuwa bado kijana ya kucheza wakati mimi nabeba mizigo ya baba porini," Lokule akasema. "Shamba iko yangu. Kama unataka kulima, enda kwa wakwe zako kule Arua."

Mke wa Yakani, Medina, alikuwa mtu wa Oli, pembeni mwa mji wa Arua. Watu walicheka.

Yakani akapandwa na hasira.

"Hiyo mashine yako unaringia," akasema, "iko siku italima nyinyi wenyewe."

Watu wakacheka tena. Lakini maneno yale hayakuanguka chini. Yaliokotwa na kuwekwa.

Siku chache baadaye Rosa akaja kwa Yakani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, kaka yako anasema uje uangalie mashine. Inazima kila nikigeuza."

"Kwa nini asije mwenyewe?"

"Muulize mwenyewe."

Yakani angeweza kukataa. Medina alimwambia akatae. Lakini kulikuwa na kitu ndani yake kilichotaka Lokule amhitaji, hata kama ni kwa dakika chache. Akachukua bisibisi yake akaenda.

Lokule hakutoka hata nje kumsalimu. Rosa ndiye aliyesimama pale, mikono kifuani, akimtazama anavyofanya.

Kabureta ya injini ile ilikuwa na skrubu mbili. Ile ndogo ilipima petroli inayochanganyika na hewa. Ile nyingine, yenye springi, ilipanga mwendo wa chini, yaani jinsi injini inavyonguruma ukiachia mkono wa petroli. Yakani aliiacha injini ipate moto kwanza. Kisha akaizungusha ile ndogo taratibu, ndani, nje, mpaka akasikia mngurumo umejaa na kutulia. Halafu akaishika yenye springi, akashusha mwendo kidogo kidogo mpaka visu vikasimama kabisa, huku injini ikiendelea kuguna bila kuzima.

Hapo ndipo penye roho ya mtu. Klachi ya mashine ile ilikuwa inajishika yenyewe injini ikikimbia, na inajiachia injini ikipunguza mwendo. Mwendo wa chini ukiwekwa juu mno, unaachia mkono wa petroli na visu havisimami. Vinaendelea kuzunguka miguuni pako.

"Ukiachia hapa, visu vinasimama," Yakani akamwambia Rosa. "Umeona?"

"Nimeona."

"Asubuhi ikiwa baridi itazimazima. Vumilia, ipate moto. Usiipeleke mbio."

Yakani akafuta mikono yake kwa nyasi, akaondoka. Hakupewa hata maji.

Kesho yake asubuhi ndipo mashine ikatembea peke yake.

Rosa alibebwa mpaka Koboko, akafungwa mguu hapo, akalala usiku mmoja, kisha akapelekwa hospitali Arua. Alirudi na nusu ya mguu.

Kikao kiliitwa kabla hajarudi.

Kilifanyika uani kwa Mzee Kasimiro, mkubwa wa ukoo, mtu mpole ambaye maneno yake yalikuwa hayarudiwi. Yakani alipofika alikuta viti vimepangwa kwa upande mmoja. Cha kwake kilikuwa peke yake ng'ambo.

Lokule alilia. Mwanaume mzima, mbele ya watu, machozi yakatiririka.

"Mutu moja tu hapa iko najua injini," akasema. "Mimi hapana jua skrubu hata moja. Mimi najua kuweka petroli na kuvuta kamba. Jana yake nani alishika mashine? Na dukani nani alisema itatulima?"

Watu wakaguna.

"Leteni mashine hapa," Yakani akasema. "Niwashe mbele yenu. Nitajua imeguswa wapi."

"Uiguse tena?" Lokule akauliza. "Ufute ulichofanya?"

"Mzee, mimi niliiacha visu vimesimama. Rosa aliona. Muulizeni Rosa."

"Rosa iko hospitali," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "kwa sababu yako."

Mzee Kasimiro aliinua mkono. Mashine haikuletwa. Ikaamuliwa kwamba shamba la mtoni lote liwe la Lokule, kama fidia ya mguu wa mkewe. Na Yakani asishike tena chombo cha mtu yeyote pale Abuku.

Hakuna aliyemwambia ahame. Hawakuhitaji kusema. Medina akienda kisimani, wanawake wananyamaza. Akisalimia, salamu inabaki kwake. Norah, binti yao mdogo, alirudi analia kwamba wenzake wanamwita mtoto wa mkata miguu. Siku moja wakaamka wakakuta jiko lao la nyasi limechomwa. Majirani walisimama mbali wakaangalia moto. Hakuna aliyeleta maji.

Medina akafunga mizigo.

"Baba Norah, wewe baki ukitaka. Mimi sitazika mtoto hapa kwa ajili ya shamba."

Wakaenda Oli, kwa shangazi yake Medina.

Yakani akafungua kibanda cha mabati kando ya barabara. Zikaanza kuja pampu za maji za watu wenye bustani pale mto Oli, vinu vya unga, na mashine za kukata nyasi za misheni na za nyumba za wakubwa mjini. Kazi haikukosekana. Watu walimsifu kwa kazi na kumchukia kwa mdomo, kwa maana alikuwa amegeuka mtu mkali.

Alikuwa na tabia moja iliyowakera wateja. Hakuachia mashine yenye visu mpaka mwenyewe ameiona ikisimama. Anawasha, anasubiri ipate moto, anaachia, anachuchumaa kuangalia. Anawasha tena. Mteja anaweza kukaa hapo nusu ya asubuhi.

"Fundi, mimi nina haraka," mtu atasema.

"Basi peleka kwa mwenye haraka mwenzako."

Hawakujua kilichokuwa kinamla. Si chuki tu ya Lokule, hiyo alikuwa nayo tele. Kilichomla ni kwamba hakuwa na uhakika. Mwaka wa kwanza alikuwa anaapa kwamba aliiacha vizuri. Mwaka wa pili akaanza kujiuliza. Alikuwa na hasira siku ile. Mkono wenye hasira hauzungushi skrubu sawasawa. Labda springi ilikuwa imechoka na mtikisiko ukaisogeza. Labda hakuikaza. Labda, na hili hakumwambia hata Medina, labda kuna sehemu ndani yake iliyotaka.

Miaka ikapita hivyo.

Mwaka 1993, msimu wa mvua, alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine ya kukata nyasi. Mwenye kuileta, Adrabo, mtunza uwanja wa nyumba moja ya wakubwa, alikuwa amesimama juu yake akilalamika kwamba imezidi kunguruma. Yakani akaona mguu kabla hajaona mtu. Mguu mfupi, umefungwa kitambaa, na fimbo pembeni yake.

Hakuinua uso.

"Shemeji," sauti ikasema.

"Hapa hakuna shemeji yako."

"Nataka kuongea."

"Adrabo," Yakani akasema, "acha mashine yako. Njoo mchana."

"Lakini hujamaliza."

"Njoo mchana."

Adrabo akaondoka akinung'unika, akaiacha mashine palepale. Rosa alikuwa amezeeka. Alijikalisha juu ya debe bila kukaribishwa.

"Sikuja kuomba msamaha," akasema.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuambia ni mimi."

Yakani akamwangalia.

"Ni mimi nini?"

"Ile skrubu. Bega langu liliteguka tukiwa Sudan, halijapona mpaka leo. Mashine ikizima, navuta kamba mpaka naona giza. Kaka yako akipita anasema nimelala kazini. Siku ile nilikuona ulivyoshika, yenye springi. Asubuhi ikazima, ikazima tena. Nikachukua kisu, nikaizungusha kwa ncha. Ikaacha kuzima. Nilifurahi sana."

Akajisogeza juu ya debe.

"Nilipofika mwisho wa tuta nikaachia mkono nigeuze. Nikadhani itasimama."

Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwa Yakani. Miaka yote ile alikuwa anausuta mkono wake. Mkono wake haukuwa na kosa.

"Ulirudi kutoka hospitali," akasema polepole. "Tulikuwa bado tuko pale. Jiko letu lilichomwa wewe uko pale. Ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa na watoto watatu na mguu mmoja. Nikisema, ananifukuza. Nikinyamaza, watoto wangu wanapata shamba la mtoni. Nilichagua watoto wangu. Hata leo ningechagua hivyohivyo."

"Na leo kumetokea nini?"

"Ameoa. Shamba amempa mke mpya na watoto wake. Wangu wanaokota mabaki ya mihogo pembeni kama kuku." Akaegemea fimbo yake. "Ita kikao. Nitasema mbele ya Mzee Kasimiro. Wewe unapata nusu yako, na yeye anapata aibu."

"Kwa hiyo unanitumia."

"Ndiyo."

Medina alikuwa amesimama nyuma ya mabati, na alikuwa amesikia yote. Akatoka na sufuria mkononi.

"Mtoe huyu hapa," akasema, "kabla sijammwagia hii."

Rosa akainuka mwenyewe. Aliondoka bila kugeuka, fimbo inachimba tope.

Siku zilizofuata Yakani hakula vizuri. Alikuwa anakaa, anaitazama mikono yake, anakunja na kukunjua vidole. Ni Medina aliyemwambia.

"Enda."

"Wewe ndiye ulitaka kummwagia maji ya moto."

"Na bado nataka. Usiende kwa ajili yake. Norah akienda Koboko bado anaitwa jina lile. Enda ukalitoe."

Wakapanda lori moja la mizigo. Rosa alikaa mbele na dereva. Yakani alikaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, maana hakutaka bega lake liguse la Rosa.

Kikao kilikuwa uani kulekule. Mzee Kasimiro sasa alikuwa anaona kwa jicho moja tu. Lokule alikuja amevaa koti. Hakumwangalia mdogo wake, hakumwangalia mkewe.

Rosa akasimama, akasema. Hakupamba, hakulia. Skrubu, kisu, tuta, mguu. Akakaa.

Uwanja ukavurugika. Watu waliokuwa wakimtukana Yakani miaka ile wakaanza kumtukana Rosa kwa maneno yaleyale, kana kwamba waliyahifadhi. Mwanamke mmoja aliyeshuhudia jiko la Medina likiungua bila kunyanyua kibuyu cha maji alitema mate chini mbele ya Rosa.

Lokule akashika kichwa.

"Nimeishi na nyoka," akasema. "Miaka yote hii nimechukia damu yangu kwa sababu ya uongo ya mwanamke. Yakani, ndugu yangu, mimi nilidanganywa kama wengine."

Akanyoosha mkono.

Watu wakamhurumia. Yakani aliisikia huruma ile ikimzunguka kaka yake kama blanketi.

"Huyu arudishwe kwao," Lokule akaendelea. "Na shamba, wazee wataangalia. Lakini muone pia, mimi nimepanda miti pale, nimechimba mfereji. Mimi sikuwa na kosa. Tusiharibu tena."

Mzee Kasimiro akamgeukia Yakani. "Mwanangu, tulikukosea. Unaona namna gani?"

Yakani alikuwa karibu kuupokea ule mkono. Alikuwa amechoka. Jina lake limesafishwa, amesikia kwa masikio yake. Lakini alipomtazama Rosa, alimkuta hatazami watu wanaomtukana. Anamtazama Lokule, na mdomo wake umekaa kama wa mtu anayesubiri kitu.

"Mashine bado iko?" Yakani akauliza.

"Iko," Lokule akasema. "Ya nini?"

"Mara ya kwanza mlikataa. Leo naomba iletwe."

Ikaletwa. Yakani akavuta kamba, ikashika. Akaiacha ipate moto, watu wote wakiitazama. Akapandisha mkono wa petroli, visu vikazunguka. Akaachia. Visu vikasimama palepale, injini inaguna taratibu.

Akachuchumaa akaangalia. Safi kabisa.

"Inasimama vizuri," akasema. "Nani alirekebisha?"

"Mimi," Lokule akasema.

"Lini?"

"Siku ileile. Ningeiacha vile, imle mutu mwingine?"

"Fundi gani alikuonyesha?"

"Fundi ya nini? Skrubu iko mbili tu pale. Ile iko na springi, unarudisha nyuma kidogo, basi."

Mzee Kasimiro akainua uso.

"Lokule," akasema, "siku ile hapa ulisema hujui skrubu hata moja."

Lokule akashika kifungo cha koti lake.

Rosa akacheka. Kicheko kifupi, kikavu.

"Waambie," akasema. "Au ulizaliwa unajua?"

Wapo watu ambao wakichekwa na mwanamke mbele ya watu, akili inakimbia. Lokule aligeuka, mishipa ya shingo imemsimama.

"Si wewe ulinionyesha? Umelala pale Koboko mguu umefungwa, unaniambia, nimezungusha hii ya springi, nenda uirudishe watoto wasiumie. Si wewe mwenyewe ulisema kwa mdomo yako kwamba..."

Akaacha hapo.

Lakini yalikuwa yametoka yote.

Lokule alibaki amesimama na kidole chake kimeelekezwa kwa Rosa, kama hajui akirudishe wapi.

"Kwa hiyo ulijua," Mzee Kasimiro akasema, sauti ya chini sana. "Ulijua kabla ya kikao. Ulikaa hapo na ukalia mbele yangu."

"Mzee, sikiliza..."

"Nimesikiliza. Kaa."

Yakani alidhani siku kama ile ikija angefurahi, au angempiga ngumi. Alichohisi ni baridi. Rosa alimdhulumu kwa woga, hilo alilichukia lakini alilielewa. Huyu mwingine alinyonya naye titi moja, alijua, akaokota hasira ya mdogo wake pale dukani na kuifanya ushahidi.

Shamba la mtoni likakatwa katikati siku ileile, mbele ya watu. Nusu ya Yakani ikawa ile ya juu, inayopakana na mlango wa Lokule.

Lokule akamfukuza Rosa kabla watu hawajatawanyika. Akasema vitu vyake vitawekwa nje. Wazazi wa Rosa walishakufa kule uhamishoni, kwao hakukuwa na kwao.

Yakani alimkuta barabarani, amekaa juu ya jiwe na watoto wake, anamsubiri mtu yeyote mwenye baiskeli.

"Ulijua kwamba anajua," akamwambia. "Kwa nini hukuniambia kule Oli?"

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Mimi ni mwongo, tayari. Nilitaka aseme mwenyewe."

Yakani akaangalia kule shambani. Udongo mweusi, mche uliopandwa kuonyesha mpaka bado mbichi. Medina alikuwa ameshamwambia kwamba hatarudi Abuku hata apewe ikulu, na hata yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kuamka kila siku akiangalia mlango wa kaka yake.

"Lima nusu yangu," akamwambia Rosa. "Jenga palepale juu, mpakani."

Rosa akamtazama.

"Usinishukuru. Sijakusamehe, na Medina hatakusamehe. Nataka Lokule akifungua mlango wake kila asubuhi aone wewe unalima."

Rosa akafikiri. Kisha akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayefunga biashara.

Akajenga palepale. Amelima pale miaka mingi, kwa jembe la mkono, na watoto wake wamekulia pale. Lokule aliuhamisha mlango wa nyumba yake ukatazama upande wa pili.

Yakani alirudi Oli. Hakuwa mtu mpole, wala sitawadanganya kwamba siku ile ilimbadilisha. Yeye na kaka yake hawakusalimiana tena mpaka Lokule alipofariki, na kwenye mazishi Yakani alisimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Lakini Medina anasema tangu aliporudi kutoka kikao kile, mume wake aliacha kuitazama mikono yake.

Mimi nachukua jambo moja hapa, na wewe msomaji chukua lako. Mkikaa kumhukumu mtu, msimuulize mshtakiwa peke yake. Muulizeni na anayelia kuliko wote ataondoka na nini kikao kikiisha. Pale Abuku watu wote walikuwa na hasira siku ile, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Yakani akalipa, na mtoto wake akalipa, kwa swali ambalo lingechukua muda mfupi kuliko kuwasha injini.